Usikimbilie Bunduki: Ushauri kwa Anayeanza Kucheza Deus Ex

Mtu aliyezoea michezo ya kurushiana risasi akifungua Deus Ex kwa mara ya kwanza, huweza kuuchukia ndani ya nusu saa. Anashushwa usiku kwenye gati la kisiwa, anachomoa bastola, anamlenga adui wa kwanza anayemwona, na risasi inapita kando. Anafyatua tena, inapita kando tena. Adui anapiga kelele, wenzake wanafika mbio, na punde mchezaji anajikuta anatambaa chini kwa kuwa miguu yote miwili imekwisha. Wengi huufuta hapohapo. Nakuomba wewe usiufute. Mchezo huu una mambo ambayo sijayaona kwingine, ila unataka uuendee kwa namna yake, na makala haya ni ya kukuonyesha namna hiyo.

Kwanza ujue unacheza nini. Deus Ex ulitoka Juni 2000. Uliundwa na tawi la Austin, Texas, la kampuni ya Ion Storm, chini ya uongozi wa Warren Spector, ambaye awali alishiriki kuutayarisha System Shock wa mwaka 1994. Mbunifu mkuu alikuwa Harvey Smith, na mwandishi mkuu wa kisa alikuwa Sheldon Pacotti. Kisa kimewekwa mwaka 2052. Tauni iitwayo Gray Death inaua watu mijini. Chanjo yake, Ambrosia, haitoshi, na hiyo kidogo iliyopo wanapewa wenye vyeo na wenye fedha. Wewe ni JC Denton, ajenti mpya wa UNATCO, kikosi cha Umoja wa Mataifa cha kupambana na ugaidi, na mwilini mwako zimepandikizwa mashine ndogo zisizoonekana kwa macho. Kazi yako ya kwanza ni Liberty Island, New York. Waasi wa NSF wameiteka Sanamu ya Uhuru, ambayo sasa haina kichwa kwa kuwa ililipuliwa miaka ya nyuma, na wamepora shehena ya Ambrosia. Unatakiwa umpate kamanda wao na ujue shehena imepelekwa wapi.

Umri wa mchezo usikutishe. Kwa wengi wetu umri huo ni neema. Kitu kilichotengenezwa kwa kompyuta za mwaka 2000 kinakimbia bila taabu kwenye kompyuta mpakato ya mtumba, ile unayoipata Kariakoo au Luthuli Avenue, isiyo na kadi ya michoro ya maana. Haukombi bando kama gemu za siku hizi zinazodai gigabaiti mia moja. Huu ni kama gigabaiti moja tu, na ukishaupakua na kuusimika huhitaji intaneti kuucheza. Steam na GOG huuuza kwa bei ndogo, na msimu wa punguzo ukifika bei inashuka zaidi. Picha zake ni za giza, kwa hiyo ongeza mwanga kwenye mipangilio kabla ya kulaumu macho yako. Kompyuta yako ikiwa mpya na yenye nguvu, weka kikomo cha fremu 60 kwa sekunde, la sivyo mwendo wa mchezo unaweza kuvurugika. Wapenzi wa Deus Ex wameutengenezea maboresho mengi, na mojawapo, Revision, lipo Steam tangu 2015. Ni kazi ya mikono yenye upendo, lakini limegusa ramani na muziki. Cheza kwanza mchezo wenyewe kama ulivyotoka. Na uvae hedifoni: muziki wa Alexander Brandon una thamani yake, na hatua za mlinzi anayekaribia kona unazisikia kabla hujamwona.

Anza na mafunzo yaliyomo kwenye menyu kuu, hata kama wewe ni mkongwe wa michezo ya aina hii. Ugumu uchague wa kati. Ule wa juu kabisa utakuua kwa risasi moja ya kichwa, na mgeni hajifunzi chochote kwa kufa bila kujua amepigwa kutoka wapi.

Sasa jambo ambalo ningependa kila anayeanza aambiwe mapema: katika Deus Ex, kuua hakukupi hata pointi moja. Pointi za ustadi, zile unazotumia kujiendeleza, unazipata kwa kutimiza malengo, kufika mahali, kugundua njia iliyofichwa. Ukiwalaza walinzi thelathini mauti na ukifika mlangoni, na mwenzako akipita paa kwa paa bila kuonwa na mtu na akafika mlango uleule, yeye huenda amepata pointi zaidi yako. Tumelelewa na michezo inayohesabu maiti na kutulipa kwa hesabu hiyo. Huu haukulipi. Ukilishika hilo, mengine yote yanaeleweka: kwa nini bastola inakosea, kwa nini risasi ni chache, kwa nini kila jengo lina milango minne.

Tuitazame Liberty Island kwa karibu, maana waundaji waliweka somo zima hapo. Ukishuka gatini unakutana na Paul Denton, kaka yako na ajenti mwenzako. Anakwambia wazi kwamba hawa waasi ni watu, usiwamalize ovyo, kisha anakupa silaha moja kati ya tatu: kirusha roketi, bunduki ya kudungua, au upinde mdogo wa mishale ya usingizi. Zote utazikuta baadaye, kwa hiyo usihangaike kana kwamba unaoa. Kirusha roketi kinavunja milango na roboti lakini kinakula nafasi kubwa ya begi. Mimi ningekushauri upinde. Ni mdogo, hauna kelele, na unakufundisha subira, kwa kuwa aliyechomwa mshale haanguki papo hapo. Huendelea kukimbia kwa sekunde kadhaa, na akikifikia kitufe cha king'ora kabla usingizi haujamshika, umekwisha. Mchome aliye peke yake, aliye mbali na king'ora.

Kisha usiende mlango mkuu. Zunguka. Upande wa kaskazini kuna gati jingine ambako anakungoja mtoa habari, Harley Filben, anayeonekana kama mlevi asiye na makazi. Ukimtafuta na kuzungumza naye, unapata ufunguo wa lango la sanamu. Usipomtafuta, kuna makreti nyuma ya sanamu unayoweza kuyapanda hadi ghorofa ya juu bila kupita langoni kabisa. Ndani kuna ajenti mwenzako, Gunther Hermann, aliyefungiwa na waasi. Mchezo haukulazimishi kumwokoa. Na kule juu, kamanda uliyemfuata anajisalimisha. Anaongea. Anakwambia maneno ambayo mkubwa wako kazini hakukwambia. Bunduki unayo mkononi, na hakuna atakayeushika mkono wako. Sikiliza hadi mwisho.

Ukirudi makao makuu ya UNATCO ndipo utakapoelewa kwamba ulikuwa unatazamwa. Sam Carter, mtunza ghala la silaha, anamsifu aliyejizuia na anamkemea aliyeua ovyo. Anna Navarre, ajenti mwenye mwili wa chuma, anafurahia kinyume chake. Paul ana maoni yake. Hata ukiingia choo cha wanawake kwa udadisi tu, mkuu wa kituo, Joseph Manderley, atakuuliza ulikuwa unatafuta nini humo. Ni jambo dogo, lakini nalipenda sana, kwa sababu linakuondolea mazoea ya kudhani kwamba ndani ya gemu unaweza kufanya lolote na dunia ikanyamaza. Mchezo huu una kumbukumbu. Na kwa kuwa una kumbukumbu, njia nzuri ya kuucheza ni kutenda kama mtu atakayejibu kwa alichotenda.

Kwa hiyo nakuomba jambo moja gumu, ambalo ndilo kiini cha ushauri wangu wote: usirudi nyuma kila unapokosea. Mchezo unakuruhusu kuhifadhi wakati wowote, mara nyingi upendavyo, na kishawishi kitakuwa kurudi kwenye hifadhi ya nyuma kila mlinzi anapogeuka na kukuona. Ukifanya hivyo utamaliza ukiwa safi, na utakuwa umeikosa nusu ya mchezo. King'ora kikilia, acha kilie. Kimbia, jifungie chumbani, panda ngazi, ingia kwenye mfereji wa hewa, tupa guruneti la gesi mlangoni na upenye huku wao wanakohoa. Mambo bora ya Deus Ex hutokea mpango unapoharibika, maana kila kitu kilichomo kinaweza kutumika kwa namna ambayo hukuiwazia. Mfano maarufu ni mabomu ya kubandika ukutani: wachezaji waligundua kwamba ukibandika moja, ukalikanyaga, ukabandika jingine juu yake, unaweza kupanda ukuta kama ngazi. Waundaji hawakulipanga hilo. Hifadhi mwanzoni mwa kila eneo, na hifadhi unapozima kompyuta. Umeme ukikatika usipoteze jioni nzima. Kisha kufa ndiko kukurudishe nyuma. Aibu isikurudishe.

Mwili wako nao uuelewe. Kila kiungo kina afya yake: kichwa, kifua, mikono, miguu. Kichwa au kifua kikifika sifuri, umekufa. Mikono ikiumia, shabaha inayumba. Miguu ikiisha, unatambaa. Kwa hiyo dawa unapoitumia, ifungue kwenye ukurasa wa afya na uchague mahali pa kuiweka. Usiitumie kwa kubonyeza tu. Unapokuta roboti ya tiba, hiyo inakutibu bure, tena na tena, ukiipa muda wa kupumzika kati ya tiba na tiba. Watu humaliza vifaa vyao vyote vya dawa vyumba viwili kabla ya kuifikia, kwa sababu hawakupeleleza kwanza.

Kuhusu kulenga: ile alama ya shabaha kwenye skrini hutanuka unapotembea na hubana unapotulia. Chuchumaa, tulia, ngoja ibane, ndipo ufyatue. Asiye na mafunzo husubiri muda mrefu. Aliyefunzwa, muda mfupi. Hiyo ndiyo sababu ya risasi zako za gatini kwenda upande. Kwa kazi ya karibu, rungu likimpata mtu mgongoni kabla hajakushtukia humwangusha akiwa hai, na fimbo ya shoti ya umeme humgandisha pale alipo. Mtaimbo wa chuma unaoukuta njiani ubebe: makreti yavunje kwa huo, risasi zitunze.

Unaanza na pointi 5,000 za ustadi, na bastola tayari umefunzwa kidogo. Ningezitumia hivi. Kompyuta kwanza, ngazi moja tu, kwa kuwa bila ngazi hiyo huwezi kudukua kabisa, na mchezo huu umejaa kompyuta zenye barua za watu, kamera za kuzima, na, ukiongeza ngazi baadaye, mitutu ya ulinzi unayoweza kuigeuza iwapige walioiweka. Kisha ngazi moja ya kufungua kufuli au ya vifaa vya umeme, kwa kuwa funguo malaya na vifaa vya kuvuruga vitasa vya namba huisha haraka mikononi mwa asiyejua. Zinazobaki ziweke kwa silaha ya aina moja, na uendelee na hiyo hiyo. Kuogelea na mavazi ya kujikinga na sumu viache. Vina manufaa yake mahali pachache, lakini havistahili pointi za mwanzo. Na kabla ya kutumia kifaa chochote mlangoni, utazame. Mlango hukuonyesha nguvu zake kwa asilimia. Wenye asilimia ndogo huvunjwa kwa silaha. Usioonyesha asilimia, si ya mlango wala ya kufuli, bali alama ya kutovunjika unataka ufunguo, na mara nyingi ufunguo huo uko mfukoni mwa mtu au mezani chumba cha pili.

Viungo vya kupandikiza ni suala jingine, kwa kuwa humo hakuna kurudi. Kila kopo unalolikuta lina viungo viwili na unachagua kimoja, ukishapandikiza, umekipandikiza. Kwa miguu, chukua Speed Enhancement. Kinakupa mbio na kuruka juu, na ukweli ni kwamba kuruka juu kunafungua njia nyingi kuliko silaha yoyote. Kile cha kunyamazisha hatua unaweza kukifidia kwa kuchuchumaa. Kwa kifua, Regeneration, kinachokuponya kwa nguvu za umeme wa mwili. Kinakula umeme mwingi, kwa hiyo kioanishe na Power Recirculator inayopunguza matumizi. Haya ni maoni yangu na wengine watakubishia, hasa wapenda upanga, ambao huchagua nguvu za mikono. Wabishe, kila uamuzi hapo unauzaa mchezo mwingine kidogo.

Soma. Najua si ushauri ambao mpenda gemu hutarajia, lakini soma kila kibao cha kielektroniki unachokiokota, kila gazeti lililo juu ya meza, kila barua pepe. Nywila na namba za milango zimo humo, na mchezo huziandika wenyewe kwenye kurasa zako za kumbukumbu, kwa hiyo ukikwama angalia huko kwanza. Lakini zaidi ya namba, ni humo unamoanza kuona kwamba habari unazopewa na mkubwa wako na habari zilizo kwenye barua za watu wa chini hazifanani. Magazeti yanaandika juu ya kazi zako mwenyewe, na yanaziandika kwa namna ambayo wewe, uliyekuwepo, unajua si kweli. Kiingereza kikikupa shida, washa maandishi chini ya skrini na upunguze haraka. Mazungumzo ya karibuni pia yanahifadhiwa na unaweza kuyarudia. Kama mna kompyuta moja nyumbani, chezeni wawili, mmoja ameshika kipanya na mwingine anasoma kwa sauti. Mchezo huu unafaa sana kwa namna hiyo.

Na zungumza na watu, hata wasioonekana kuwa na umuhimu. Ukifika Battery Park, ambako wagonjwa wa tauni na watu wasio na makazi wamelala nje, kuna mtoto wa kiume mwenye njaa anayekuomba chakula. Hakuna mshale unaokuelekeza kwake, wala orodha ya kazi haimtaji. Mpe chochote ulichonacho mfukoni, atakupa namba ya siri inayofungua njia iliyofichwa nyuma ya mashine ya soda, na wewe unaingia ngome ambayo wengine wanaivamia kwa mabomu. Nimewahi kuwaona wachezaji hodari wakimpita mtoto yule mara mbili tatu, macho yao yakiwa kwenye paa wakitafuta wadunguaji.

Baadaye Hong Kong, ambako wengi hupotea kwa kuwa mji ni mkubwa na maelekezo machache, tulia zaidi. Tembea sokoni, ingia baa. Kuna mhudumu wa baa mmoja atakayekujadili juu ya serikali na uhuru kwa hoja nzito, na hakuambii lolote la kukufaidi kivita. Kaa umsikilize. Mazungumzo kama hayo ndiyo yaliyoufanya mchezo huu uzungumzwe baada ya miaka zaidi ya ishirini.

Nikushauri pia kuhusu kisa chenyewe, kwa kuwa kinagusa mambo ambayo huku kwetu hatuyasikii kama hadithi. Mchezo ulitoka Juni 2000. Mwezi uliofuata, Durban, ulifanyika mkutano wa 13 wa kimataifa wa UKIMWI, wakati ambapo dawa za kufubaza virusi zilikuwa zimeanza kurefusha maisha ya wagonjwa Ulaya na Marekani tangu 1996, kwa gharama ya zaidi ya dola 10,000 kwa mwaka kwa mgonjwa mmoja. Ni Februari 2001 ndipo Cipla ya India ilipojitolea kuliuzia shirika la Médecins Sans Frontières dawa hizo kwa dola 350 kwa mwaka. Katikati ya tarehe hizo watu wetu walikuwa wanazikwa, na dawa ipo. Kisha mwaka 2021 tukaona tena nchi tajiri zikiwa za kwanza kwenye foleni ya chanjo ya korona. Kwa hiyo unapokuta pipa la Ambrosia, swali la nani anastahili kupewa lichukue kwa uzito wako wote. Mchezaji wa Austin huenda alilipita haraka. Wewe una sababu ya kusimama.

Lakini usiuchukue mchezo mzima kama darasa la historia. Waundaji waliokota uvumi wa miaka ya 1990, Illuminati, Majestic 12, Area 51, wakaushona kuwa kisa kimoja. Kama hadithi umeshonwa vizuri mno; kama maelezo ya namna dunia inavyoendeshwa, uache humohumo ndani ya skrini. Mfano mzuri ni picha ya New York ndani ya mchezo: Minara Pacha haipo, ingawa mchezo ulitoka zaidi ya mwaka mmoja kabla ya tarehe 11 Septemba 2001. Watu wamejenga nadharia kubwa juu ya hilo. Sababu ilikuwa kubana kumbukumbu ya kompyuta: wachoraji walitumia nusu ya mandhari na kuirudia kama kioo, na nusu iliyoachwa ndiyo iliyokuwa na minara. Ukiona jambo hilo likitumwa kwenye kundi lenu la WhatsApp, unaweza kuwaeleza.

Kuna mahali pawili ambapo nitakudokezea bila kuharibu. Ndani ya ndege, utapewa amri ya kumfanyia jambo mtu asiye na silaha. Utadhani una njia mbili, kutii au kukataa. Zipo zaidi ya mbili, na mchezo hautakutajia ya tatu. Silaha iliyoko mkononi mwako haijawekewa kikomo cha nani inayeweza kumlenga. Na kwenye chumba cha hoteli, mtu atakusihi ukimbie kupitia dirishani. Usiharakishe kutii. Wengi wameucheza mchezo huu hadi mwisho, na miaka ikapita, bila kujua kwamba kilichofuata dirishani kiliwategemea wao.

Mchezo huu si wa watoto. Kuna damu, dawa za kulevya, matusi, na Marekani uliwekwa kwenye daraja la miaka 17 na kuendelea. Kwa kijana anayekaribia umri huo, mzazi akikaa naye, nadhani utawapa mengi ya kuzungumza kuliko tamthilia za jioni.

Mwishoni utapewa njia tatu za kuiamulia dunia, na kila moja ina mtu anayekupigia debe akiwa na hoja ya kweli. Kishawishi ni kuhifadhi hapo na kuzitazama zote tatu usiku uleule. Chagua moja, ile ambayo JC wako, kwa yote aliyoyatenda tangu gatini, angeichagua, kisha funga kompyuta. Nyingine mbili ziache kwa mzunguko wa pili. Mzunguko huo uanze baada ya miezi kadhaa, si kesho yake, na uchukue viungo ulivyovikataa mara ya kwanza, ustadi ulioudharau, mlango ulioupita. Kama ulipanda paa, pita chini. Ukitaka kuendelea na mfululizo, Human Revolution wa mwaka 2011, uliotengenezwa na Eidos Montréal, unasimulia mambo yaliyotokea miaka ya nyuma kabla ya JC na ni mwepesi zaidi kwa mgeni, ila uongezee kompyuta nguvu kidogo kabla ya kuununua.